Njooni siku ambayo hamkusema



Leo fungua nami Matendo ya Mitume, sura ya 6, mistari saba ya kwanza. Ni habari tunayoisoma sana makanisani siku ya kuwasimika mashemasi na wazee wa kanisa. Tunamkimbilia Stefano, imani yake na kifo chake, na kwa haraka hiyo tunasahau jambo lililoanzisha yote. Lililoanzisha ni manung'uniko ya chakula. Wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Kanisa lilikuwa changa, limejaa Roho Mtakatifu, watu wakiuza mali zao na kugawana, na bado kulikuwa na mama mzee ambaye sahani yake haikumfikia.

Shika hilo, halafu nikusimulie jambo ambalo nimelibeba kwa miaka kadhaa.

Akina mama wa kanisa letu hapa Nyakato walichanga fedha ili twende kuwaona wazee katika makazi fulani, nje ya mkoa wetu. Sitayataja, wala sitasema nani anayaendesha, maana simshitaki mtu. Tulikodi hiace mbili Buzuruga, tukapakia mchele, sukari, sabuni za mche, mafuta ya kupikia na kanga. Barua ya kuomba kutembelea ilikuwa imepelekwa wiki tatu kabla, ikajibiwa, siku ikapangwa.

Tulipokelewa vizuri sana. Ua ulikuwa umefagiwa. Mashuka yalikuwa meupe, mengine bado yana mikunjo ya dukani. Wazee walikuwa wameoga, wamekaa kwenye mabenchi chini ya mwembe. Nilimwamkia bibi mmoja kwa Kisukuma changu cha kubabaisha, "Mwangaluka, mayu," akacheka, akaitikia, akanishika mkono asiuachie. Kwaya ikaimba, mchungaji akaomba, tukapiga picha za kukabidhi. Picha hizo zilifika kwenye kundi la WhatsApp la kanisa kabla sisi wenyewe hatujapanda gari kurudi.

Wakati wa kuagana yule bibi aliniita. Akanivuta karibu kama mtu anayetaka kuombewa. Akaniambia, "Mwanangu, leo tumekula wali na nyama. Wabeja, Mungu awabariki. Lakini siku nyingine njooni siku ambayo hamkusema."

Nilimwitikia, "Tutakuja, mama." Maana ya maneno yake niliipata njiani, wenzangu wakiimba. Na sikurudi. Mwaka ule ulikuwa na harambee ya jengo, mwaka uliofuata ulikuwa na mkutano wa injili, na siku nilipoulizia niliambiwa ameshafariki. Mpendwa, mtu aliponiomba niwe shahidi wake, nilimpa sabuni na picha.

Huenda yaliyokuwa yakitendeka pale siku za kawaida ni mabaya. Huenda ni umaskini tu wa jiko lisilo na fungu la kutosha. Sijui, na hapo ndipo kosa langu lilipo. Nilikuwa na nafasi ya kujua, nikaiacha ipite.

Sasa rudi kwenye Matendo 6. Tazama mitume walivyoyapokea manung'uniko yale. Hawakuwaambia wajane wamshukuru Mungu kwa kidogo wanachopata. Hawakusema wanaolalamika wanalichafua jina la kanisa. Hawakuitisha mfungo wa siku tatu kisha wakaendelea kama kawaida. Waliita mkutano, wakakiri kwamba kazi imewashinda kuisimamia, wakataka watu saba wenye sifa njema kwa jamii, watu wanaojulikana, wapewe jukumu hilo kwa majina yao. Kwa lugha ya leo tungesema waliunda mfumo wa usimamizi. Na mstari wa 7 unatuambia neno la Mungu likazidi kuenea baada ya hapo. Kanisa lilikua lilipokubali kusikia malalamiko ya wajane.

Kwa nini nayasema haya leo? Kwa sababu katika nchi yetu tunao wazee wanaoishi katika makazi, na wengi wetu hatujui nani anayehakikisha kwamba sahani inawafikia.

Najua utaniambia, "Ndugu mwandishi, mambo ya makazi ya wazee ni ya Wazungu. Sisi tunawatunza wazazi wetu nyumbani." Ni kweli kwa sehemu kubwa, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema hivyo hivyo: familia ndiyo mlezi wa kwanza wa mzee, na makazi ni kimbilio la mwisho kwa yule asiye na mtu. Paulo naye anamwandikia Timotheo jambo hilo hilo katika waraka wa kwanza, sura ya 5. Watoto na wajukuu waanze wao kuwatunza wajane wao, na kanisa libebe wale walioachwa peke yao kabisa. Hata umri unalingana. Mjane wa kuandikwa kwenye orodha ya kanisa alipaswa kuwa ametimiza miaka 60, na miaka 60 ndiyo inayomtambulisha mzee katika sera yetu.

Lakini wako waliobaki peke yao kabisa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wapatao milioni 2.5 kati ya Watanzania milioni 44.9, na hesabu ya watu imeongezeka sana tangu hapo. Wengi wao wako majumbani. Wachache wako katika makazi ya serikali, ambayo ni zaidi ya 10 nchi nzima: Kolandoto kule Shinyanga, Kiilima Bukoba, Nyabange Musoma, Ipuli Tabora, Nunge Kigamboni na mengine. Kwetu Mwanza yako Bukumbi, wilayani Misungwi, upande wa barabara iendayo Kigongo. Unapokwenda kulitazama daraja jipya la Kigongo hadi Busisi, unapita karibu na wazee hao.

Makazi mengi ya aina hii yana historia ya ukoma. Watu walitengwa na vijiji vyao enzi ambazo ugonjwa ule uliogopwa kuliko kifo. Baadaye dawa zikapatikana, wakapona, lakini vidole vilikuwa vimekwenda na ndugu nao walikuwa wamekwenda. Wakazeekea pale pale. Na hapa Kanda ya Ziwa tunayo aibu nyingine. Bibi zetu wamekuwa wakiitwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, wakati wekundu ule ni wa moshi wa kuni na samadi kavu waliyopikia watoto wao miaka yote. Wengine wameuawa kwa mapanga. Wengine wamekimbia usiku na kuacha mji. Mzee wa namna hiyo ukimwambia arudi kwa familia, unamrudisha kwa nani?

Huyo ndiye tunayemzungumzia. Akifika katika makazi, hana mtoto wa kuja Jumamosi kuuliza mbona mama amekonda. Kwa hiyo anahitaji mtu mwingine wa kuuliza swali hilo, na aulize kwa mamlaka. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee. Tangu Januari 2022 kazi hiyo iko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na katika halmashauri wako maafisa ustawi wa jamii. Umoja wa Afrika nao ulipitisha mwaka 2016 itifaki ya haki za wazee, na ibara yake ya 11 inazitaka nchi zihakikishe kwamba mzee anayeishi katika makazi anapata matunzo yanayofikia viwango vya chini vya taifa.

Viwango vya chini ni maneno ya ofisini. Hebu niyashushe hadi kitandani. Mzee asiyeweza kugeuka mwenyewe ageuzwe kila baada ya saa chache, la sivyo anapata vidonda vya mgongoni na nyongani ambavyo vinaweza kumuua. Aliyepona ukoma asiye na hisia za vidole asipewe uji wa moto kwenye kikombe cha bati bila mtu wa kumwangalia, maana ataungua bila kujua, na miguu yake ikaguliwe kila siku. Asiye na meno asiwekewe makande magumu kisha ikaandikwa kwamba amekataa chakula. Maji ya kunywa yawe mahali mkono unapofika. Choo kiwe mahali ambapo mwenye fimbo anaweza kufika usiku. Bibi aogeshwe na mwanamke, mlango ukiwa umefungwa. Dawa za presha na kisukari ziwe na daftari linaloonyesha nani amepewa, lini, na nani amempa. Na mzee akifa, ndugu watafutwe, na azikwe kama mtu mwenye jina.

Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana katika picha ya kukabidhi mchele.

Yote hayo yanaweza kukaguliwa, na kukagua huanza na lile alilosema yule bibi: kufika siku ambayo hujasema. Mkaguzi anayetanguliza barua wiki tatu atakagua mashuka mapya. Anayefika saa moja jioni bila taarifa ataona chakula cha jioni kilivyo, ataona ni wahudumu wangapi wamebaki na wazee wangapi, na atasikia harufu. Kisha akae na wazee bila msimamizi kuwepo, aulize, na anayejibu asije akalipia jibu lake mkaguzi akiondoka.

Mkaguzi huyo atamkuta pia mhudumu, nami nataka tumtendee haki. Mara nyingi ni kijana mmoja au dada mmoja aliyeachiwa kazi ya watu wanne. Ananyanyua, anafua, anapika, anazika. Mshahara ukichelewa, uvumilivu nao unapungua. Ukaguzi ulio mwaminifu utamwandikia huyo naye, useme wazi kwamba hapa wahudumu hawatoshi na fungu halitoshi. Ukaguzi unaotafuta wa kumlaumu tu utamwondoa dada huyo na kumwacha mwenzake abebe ya wawili.

Sasa niingie mahali panapouma. Baadhi ya makazi ya wazee katika Afrika Mashariki yanaendeshwa na sisi, watu wa dini. Mapadre, masista, wachungaji na akina mama wa makanisa wamefanya kazi hii tangu zamani, na wengi wameifanya vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini Novemba 2023 BBC Africa Eye ilitoa filamu iliyopigwa kwa siri katika makazi ya wazee yanayoendeshwa na kanisa nje kidogo ya Nairobi. Kilichoonekana kilikuwa ukatili na kutelekezwa, mahali penye jina la kanisa langoni. Wakristo wengi wa Kenya walilia. Wengine walikasirika kwamba kanisa limeaibishwa.

Jiulize, nani aliliaibisha? Aliyebeba kamera, au aliyemwacha mzee ateseke? Na jiulize tena kwa nini ilihitajika kamera ya siri. Penye mkaguzi anayefika mara kwa mara na ripoti inayosomwa, mwandishi wa habari hana sababu ya kujificha.

Wako miongoni mwetu wanaosema kazi ya Mungu haikaguliwi na serikali. Wanasema sisi tunamwogopa Mungu na hilo linatosha. Wasome 2 Wakorintho, sura ya 8, mstari wa 20 na 21. Paulo alikuwa amebeba mchango wa makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Huyu alikuwa mtume. Kama kuna mtu ambaye uaminifu wake ungetosha bila shahidi, ni yeye. Lakini alichukua wenzake waliochaguliwa na makanisa waandamane naye, ili pasiwe na wa kumlaumu. Alitaka mambo yawe sawa mbele za Bwana, na yawe sawa pia mbele ya watu. Mbele ya watu, mpendwa. Anayeendesha makazi kwa jina la Kristo angepaswa kuwa wa kwanza kumfungulia mkaguzi lango, na kumwonyesha jiko kabla hajaliulizia.

Serikali nayo ina swali lake la kujibu. Wizara hiyo hiyo inayosimamia makazi ya watu binafsi ndiyo inayoendesha makazi ya serikali. Mtu anayejikagua mwenyewe hujipa alama nzuri, hiyo ni tabia yetu wanadamu tangu Adamu. Nguvu ya ukaguzi inatokana na macho ya wengine. Uingereza ina tume ya ubora wa huduma iliyoanza kazi mwaka 2009, ambayo huingia katika makazi ya wazee, huyapa daraja, na daraja hilo sheria inataka libandikwe mahali ambapo kila anayeingia ataliona. Hata huko mabaya hutokea, lakini binti anayemtafutia mama yake mahali pa kukaa anaweza kusoma kabla hajamwacha pale. Sisi tunaweza kuanza na dogo zaidi. Ripoti ya ukaguzi wa makazi, ya serikali na ya dini bila kubagua, itolewe kwa wananchi. Mabaraza ya wazee, ambayo yapo tayari katika ngazi mbalimbali, yapewe nafasi ya kuingia na mkaguzi. Ubandikwe ukutani, kwa herufi kubwa, utaratibu wa kulalamika na mahali pa kupeleka malalamiko, ikiwamo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Na asiyejua kusoma asomewe.

Haya yote yanahitaji fedha, najua. Wakaguzi wanahitaji mafuta ya gari na posho ya njiani. Lakini daftari la dawa halihitaji mfadhili. Kumsikiliza mzee faraghani hakuhitaji mkopo. Tukianza na yale yasiyo na gharama, tutakuwa na uso wa kudai yale yenye gharama.

Kabla hujanyoosha kidole kuelekea wizarani, nyoosha shingo uchungulie chumba cha nyuma cha nyumba yako. Hapa hapa Nyakato wako wazee wanaoishi na watoto wao na hawana tofauti na aliyetupwa. Mtoto anaondoka alfajiri kwenda kiwandani au sokoni, mzee anabaki na binti wa kazi mwenye umri wa miaka 16 ambaye hakuna aliyemfundisha kumnyanyua mtu mzima. Jioni tunauliza, "Mama amekula?" Tunajibiwa, "Amekula." Basi. Siku moja rudi saa saba mchana bila kupiga simu. Nyumbani kwako wewe ndiye mkaguzi, na Mungu hatakubali uihamishie wizara kazi hiyo. Katika Marko 7 Bwana Yesu aliwakemea waliotumia sadaka ya hekaluni kama kisingizio cha kutowasaidia wazazi wao. Na katika Yohana 19, akiwa msalabani, kazi ya kuukomboa ulimwengu ikiwa mikononi mwake, alimtafutia mama yake mahali pa kukaa na mtu wa kumwangalia kwa jina.

Basi tufanye nini? Nakuomba mambo machache tu. Kanisa lako likipanga kwenda kuwaona wazee, nendeni, tena pelekeni sabuni na sukari, zinahitajika. Lakini mchague wawili au watatu wenye sifa njema, mmojawapo awe muuguzi kama mnaye, na hao wapatane na uongozi wa makazi kwamba watakuwa wakifika mara kwa mara bila siku maalumu. Wakae na wazee. Wajifunze majina. Wakiona jambo lisilo sawa, waanze kwa msimamizi kwa heshima, kama Mathayo 18 inavyotufundisha kuanza na ndugu yako. Asiposikia, waende kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, tena kwa maandishi yenye tarehe. Na siku mbunge au diwani wako atakapokuja kusalimia kanisani, mwulize mara ya mwisho makazi ya wazee ya mkoa wetu yalikaguliwa lini, na ripoti iko wapi. Ni swali la kiroho kabisa. Lilianzisha ushemasi.

Kuhusu picha, naomba tuziache. Mzee aliyekatika vidole hakuumbwa awe mapambo ya sadaka zetu.

Nami nimejiwekea nadhiri, na ninaiandika hapa ili uwe shahidi. Yule bibi sitamwona tena upande huu. Lakini wako wengine wanaokaa chini ya miembe mingine, na mwaka huu nitakwenda kwao siku ambayo sikusema. Kama unataka tufuatane, njoo.

Tuombe. Bwana, wewe uliyesikia manung'uniko ya wajane wa Yerusalemu, tupe masikio. Wabariki wanaowanyanyua na kuwaosha wazee wetu usiku, wasichoke. Wape viongozi wetu moyo wa kwenda kuona kwa macho yao. Na sisi tutakapozeeka, nguvu zikituishia, pasikosekane mtu wa kufungua mlango bila kutangazwa na kuuliza kama tumekula. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.

Jumapili njema, mpendwa msomaji.